Tazuki, Pelo na Chumba cha Mzee Kiema

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku mbaya, lakini imeisha vizuri. Asubuhi mwenye duka la dawa amenijia mezani. Nauza chaja, vioo vya simu na gemu za mkononi kwenye baraza lake hapa Masii, mwaka wa sita sasa, chini ya mwavuli nilionunua mwenyewe. Ati mwisho wa mwezi nitoke. Ati anajenga ngazi. Nikamwambia ngazi inaweza kupita upande ule. Akasema upande ule ni wa choo. Miaka sita! Hata asante kwa kivuli hakuna.

Nikafika nyumbani nimenuna. Ndinda, mke wangu, akanipa chai na habari. Baba yake ana chumba kinachoangalia soko, na mpangaji amehama. Mzee Kiema! Mwalimu mkuu mstaafu, mguu kwenye plasta tangu ateleze kisimani. Anataka kumpa mkwe mmoja kati ya wawili afanyie biashara. Atatangaza Jumamosi ya tarehe kumi na sita, watu wakija kumshukuru Mungu kwa ajili ya mguu.

Wakwe ni wawili. Mimi Nzuki. Na Musyoka.

Musyoka amemuoa Winfred, dada mkubwa wa Ndinda. Anafanya kazi kiwandani Athi River, anakaa Kinanie, anavaa viatu vyenye ncha. Anataka chumba ati auze viatu vya ngozi. Hapa Masii, na vumbi hili! Simchukii. Namwonea huruma tu, kwa nguvu.

Nimefikiri dakika kumi. Mzee ameketi kitini kutwa nzima, hana la kufanya. Mtu aliyeketi anahitaji nini? Gemu. Na gemu Masii nzima anauza nani? Chumba ni changu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempelekea Mzee gemu ya mkononi, Tazuki. Mpya, ya buluu, bado ina karatasi kwenye kioo. Nimeitia laini yenye bando ili acheze na watu walio mbali, na jina la mchezaji nimemwandikia mwenyewe: KIEMA. Mzee akaigeuza geuza, akauliza mbele ni wapi. Nikamwonyesha mbio za pikipiki. Akaanguka mtaroni mara tatu, akasema miwani yake ni ya magazeti tu. Nikamwambia atazoea. Akasema tutaona. Nani asiyejua kwamba kwa Mzee tutaona ni ndiyo iliyovaa koti?

Nikitoka, mama mkwe naye anatoka zizini na ndoo. Nikafanya inavyopaswa. Nikageuza uso, nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikasimama hapo mpaka akapita. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu Wakamba kati ya mkwe na mama mkwe. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, na utani usiguse kabisa. Mwaka wa tisa huu nimemuoa Ndinda, na uso wa mama yake naujua kwa picha ya harusi. Jina lake silitaji hata humu ndani, ambamo hasomi mtu.

Na Musyoka? Krismasi iliyopita alimpa mkono! Akamuuliza amelalaje! Shangazi Nzisa, dada yake Mzee, nusura azirai. Kwa hilo peke yake mashindano yangekuwa yamekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesalitiwa. Musyoka amejua. Aliambiwa na Winfred, Winfred aliambiwa na Ndinda, na Ndinda anasema hakuna aliyemwambia ni siri. Basi leo boda boda imefika kwa Mzee na sanduku lenye utepe. Utepe! Ndani, gemu. Pelo 5. Nyeusi, pana kama sinia ya chai, na kelele yake inasikika barabarani.

Hasira imenijaa. Nikakataa chakula. Baadaye nikala.

Nimechora jedwali daftarini, haki bin haki, Tazuki huku na Pelo kule. Uzito: Tazuki, maana Pelo humchosha mtu mikono kabla mchezo haujaanza. Betri: Tazuki saa sita. Pelo inasemekana saa nane, lakini inasemekana na nani? Na Musyoka. Kwa hiyo Tazuki. Kioo: cha Pelo ni kikubwa, nakubali, ila kikubwa kikivunjika kinavunjika zaidi. Tazuki. Michezo: Tazuki mia nne, ingawa mia moja na tisini ni uleule kwa rangi mbalimbali. Tazuki. Umbo: Tazuki. Jumla tano kwa sifuri. Sijapendelea.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya jaribio la kuanguka mbele ya wateja, habari zimfikie Mzee. Tazuki ya maonyesho imeanguka kutoka mezani mara tatu bila kuumia. Watu wakapiga makofi. Wauza nyanya wakaacha nyanya zao. Ndipo mama mmoja akauliza kama naye anaweza kujaribu, akaitupa kama anatupia kunguru jiwe. Kitufe cha kushoto hakijaonekana hadi sasa. Nimeandika: imara, isipokuwa kwa watu wenye roho mbaya.

Saa nane mchana nikawasha nyingine, niipime. Nikaona kitu kwenye kioo. KIEMA yuko hewani! Mzee anacheza! Siku tatu tu!

Nikapata wazo. Mimi mwenyewe katika Tazuki naitwa SIMBA WA MASII. Mzee hajui. Nitashindana naye kwa siri, nishindwe kidogo kidogo, aipende Tazuki mpaka alale nayo. Pelo itakuwa ya kufunikia sufuria.

Nikashindwa mara ya kwanza kwa kusudi. Mara ya pili pia kwa kusudi. Mara ya tatu sikukusudia. Mtu ameshika chaki miaka thelathini na vidole vyepesi hivyo!

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa tumepita kwa Mzee. Musyoka naye, kaja na Winfred kutoka Kinanie, marashi yake yamemtangulia. Tukaketi sebuleni kila mtu na gemu yake mkononi tukamweleza Mzee. Mimi nikaeleza uzito. Musyoka akaeleza kioo. Mimi nikamwomba atoke na Pelo juani. Akatoka. Haikuonekana kitu, kioo cheusi ti! Nikacheka. Akaniomba nitoke na Tazuki. Nikasema jua limepungua, jaribio halitakuwa la haki.

Mzee alituvumilia karibu saa nzima. Kisha akauliza kama kuna yoyote kati ya hizo inayoshika redio ya Kikamba. Musyoka akabonyeza bonyeza, na Pelo ikatoa salamu za wagonjwa kwa Kikamba safi. Hata yeye hakujua! Niliona alivyoshtuka! Bahati ya mtu isiyomstahili inaudhi sana.

Lakini sikuhangaika. Redio ni redio. Mimi najua Mzee hufanya nini mchana.

Chakula kililetwa na Ndinda. Mama mkwe alibaki jikoni, kama inavyopaswa. Musyoka akaingia hukohuko jikoni kushukuru kwa chakula! Nikaangalia ukuta.

Jumatatu, 11 Agosti

Maendeleo makubwa. Tazuki ina mahali pa kuandikiana. KIEMA ameandika wa kwanza! Kaniuliza huyu simba anakula nini, maana hana nguvu hata ya kupanda mlima. Aiya! Mzee ana utani! Na mbele za watu hucheka kwa kukohoa.

Mtu akikutania, mtanie, ndipo urafiki unakolea. Nikamjibu kwamba mwendo wake ni wa ng'ombe mwenye mimba. Akafurahi, akanishinda. Nikamwambia kesho nitamnyoa bila maji. Akanishinda tena.

Saa kumi akaaga, ati anaenda kukamua. Nimeshangaa. Mguu kwenye plasta, na anakamua! Plasta za siku hizi ni nzuri.

Jumanne, 12 Agosti

Wateja wawili tu, lakini mbio kumi na moja. Nimeshinda moja, KIEMA alipokuwa amesimama kugeuza mahindi ya muthokoi jikoni ili yasishike sufuria. Mzee anapika! Ugonjwa humfundisha mtu mengi. Nimemwambia Ndinda kwamba baba yake ni mtu wa kisasa kuliko tunavyodhani. Ndinda akaniangalia, akarudi kwa nguo zake za kupiga pasi.

Nikamtumia KIEMA ile picha iliyomo ndani ya Tazuki, simba anayetoa ulimi na kutingisha makalio. Akanijibu kwa picha ya mwanamke anayecheka mpaka machozi. Nadhani alikosea kitufe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemuuliza moja kwa moja. Tazuki au Pelo? Jibu limekuja upesi: Tazuki, hiyo nyingine nzito, inachoma viganja, na iko na kelele kama posho mill. Ushindi! Nimelinakili jedwalini neno kwa neno.

Sikuishia hapo. Nikauliza, kama mtu baki, kama ana wakwe, na wakoje. Kaandika kwamba wako wawili. Mmoja ana viatu vya kelele na maringo, lakini husalimia. Mwingine humwona kwa mbali tu, hujificha nyuma ya tangi kama mwizi wa kuku, na angependa siku moja amsikie hata akikohoa.

Nimesoma mara nne. Mzee ananiona nikiwa tangini! Kutoka sebuleni! Amegundua nthoni yangu na anaificha kwa mzaha wa wanaume. Mwizi wa kuku, ha! Musyoka ana maringo, na hilo limeandikwa, liko kwenye kioo. Niliyafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia simu.

Alhamisi, 14 Agosti

KIEMA alichelewa. Nikamwita kwa honi mara saba. Akaja akaomba radhi, alikuwa anamalizia mshono wa kiondo. Kusuka pia! Halafu akatoka mapema, ana ushirika wa akina mama kanisani.

Hapo nilitulia nikafikiri. Mzee. Ushirika wa akina mama. Kisha nikaelewa. Wamemwalika awahutubie, yeye ni mwalimu. Wamembeba na kiti.

Leo nilimshinda mara mbili, haki kabisa. Furaha ikanizidi, nikamwandikia arudi kwa mama yake akafundishwe breki, na kwamba akishindwa kesho atakuja kuniosha miguu. Akajibu kwamba simba huyu hana adabu lakini anachangamsha siku. Unaona? Mapenzi matupu.

Ijumaa, 15 Agosti

Matayarisho. Jedwali nimelihamishia kwenye karatasi ya manila, herufi nyekundu. Suti imepigwa pasi. Mpango ni huu: wakwe wakiitwa waseme, nitasoma jedwali, kisha nitamfunulia Mzee kwamba SIMBA WA MASII ni mimi, na tutakimbia mbio moja ya mwisho mbele ya ukoo mzima. Atanikumbatia. Musyoka atatafuta lori la kumrudisha Kinanie na ngozi zake.

Nimemweleza Ndinda kila kitu isipokuwa mpango. Amesema tafadhali nisiseme sana kesho, nimwombe baba yake chumba kwa maneno matatu na niketi. Kwamba tunakihitaji kwelikweli, Septemba haiko mbali, na meza yetu haiwezi kukaa barabarani. Nikamwona macho yamelowa. Nikamshika bega nikamwambia aniachie mimi. Hilo halikumtuliza, sijui kwa nini.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Ndinda hanisemeshi.

Hema lilijaa. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, Mzee akaonyesha mguu. Musyoka akaitwa kwanza. Akasema Mzee apone, na uamuzi wowote wa wazazi ataufurahia, akaketi. Sentensi mbili! Nikajua nimeshinda.

Nikasimama. Nikafungua manila. Nikasoma jedwali lote, uzito, betri, kioo, umbo, na ushahidi wa tarehe kumi na tatu kwamba Pelo inachoma viganja. Mchungaji alikuwa anasikiliza kwa makini, au alikuwa amelala, macho yake ni madogo. Kisha nikatoa Tazuki mfukoni, nikatangaza kwa sauti kwamba yule SIMBA WA MASII, mwenzake wa mbio wiki nzima, ni mimi hapa, mkwe wake! Na nikabonyeza honi.

Mzee akauliza simba gani.

Nikamkonyeza. Akauliza kama jicho linaniuma. Kisha akasema, mbele ya watu wote, kwamba kile kitu cha buluu hakukigusa tena tangu Jumanne ile alipoletewa. Akavuta Pelo kutoka chini ya shuka. Hata hii, akasema, anaitumia kwa salamu za wagonjwa tu.

Na hapo honi yangu ikajibiwa. Pii, pii, kutoka jikoni. Halafu kifuniko cha sufuria kikaanguka chini.

Haki ya nani, sikuelewa bado. Nikadhani kuna mtu kaiba Tazuki ya Mzee! Nikasema kwa sauti mwizi yuko jikoni! Ndinda akakimbia kunipita, akaingia, akatoka na Tazuki mkononi. Vitufe vyake vimejaa unga. Uso wa Ndinda ulikuwa kama wa mtu aliyebeba nyoka.

Kukamua. Muthokoi. Kiondo. Ushirika wa akina mama! Nilitamani ardhi ya Masii ipasuke inimeze na suti yangu.

Shangazi Nzisa akainyakua. Alikuwa karani wa kanisa miaka ishirini, anasoma vizuri. Akavaa miwani. Akasoma yote. Ng'ombe mwenye mimba akamsoma mara mbili, kwa kuwa wazee wa nyuma hawakusikia. Kunyoa bila maji, kuosha miguu, kurudi kwa mama yake akafundishwe breki. Alipofika kwa simba wa makalio hakusoma, akaigeuza Tazuki kichwa chini, akaomba maji. Mchungaji alikuwa macho sasa. Musyoka alikuwa ameingiza uso wote katika leso, na mabega yanacheza.

Hukumu ya Shangazi ilikuwa fupi. Nimemvunjia mama mkwe wangu heshima kwa maneno na kwa picha. Nilete mbuzi, dume, mnene, wala si wa kuazima. Mpaka hapo nisikanyage boma lile.

Halafu Mzee akasema habari ya chumba. Kumbe si chake kukitoa peke yake. Kilijengwa kwa viondo vya mkewe, kiondo kwa kiondo, na asubuhi hii mkewe amemwambia anakitaka mwenyewe. Atafungua mahali pa kuchezea gemu! Watu walipe wacheze, yeye akisuka mlangoni. Atahitaji mtu wa kumsaidia na leseni na ununuzi, mtu anayeweza kusimama mbele yake wakapanga mambo. Nani basi? Musyoka! Kwa sababu wao husalimiana!

Mimi ndiye ninayeuza gemu. Mimi ndiye niliyeleta Tazuki. Mimi ndiye niliyejificha nyuma ya tangi miaka tisa. Inaniuma. Nasema wazi inaniuma, nimelia kidogo, ndani ya kabati.

Jumapili, 17 Agosti

Ndinda amesema nami. Nilitegemea matusi, akanena polepole, jambo lililo baya zaidi. Amesema tangu Mzee aanguke mama yake hakuwa amecheka. Kisima, ng'ombe, mgonjwa, shamba, vyote juu yake. Wiki hii jirani alimsikia akicheka peke yake zizini, akadhani amerukwa na akili. Alikuwa ananisoma mimi. Jana jioni alimwambia Ndinda kwamba aibu aliiona, ndiyo, amefunika uso siku nzima, lakini yule simba atamkosa.

Maneno yaliniingia, kwa kweli yaliniingia. Nikachukua daftari nikaongeza mstari kwenye jedwali. Furaha ya mtumiaji: Tazuki. Sita kwa sifuri.

Ndinda aliona ninachoandika. Amelala kwa watoto.

Jumamosi, 23 Agosti

Mbuzi amefika. Dume, mweusi, wa kutoka Masinga, mwenye dharau. Alinikanyaga mara mbili njiani. Nilimfikisha mpaka lango tu, Mzee akampokea, Shangazi Nzisa akampapasa mgongo kutafuta kasoro, akakosa, akasikitika. Mbuzi akachinjwa. Nikaruhusiwa kuingia na kula. Musyoka alinikaribisha kana kwamba boma ni lake, akanipa mfupa.

Kisha ujumbe ukaja kutoka jikoni kwa mdomo wa Ndinda. Mama mkwe amenisamehe. Tena zaidi: kile chumba kina baraza mbele, na baraza hilo nitapewa niweke meza yangu, kuanzia tarehe moja, bure, kwa kuwa mume wa mtoto wake hawezi kuuza chaja barabarani. Sharti ni moja. Nisicheze naye tena gemu, kamwe. Nikirudia, nitatafuta baraza kwingine, na Shangazi ataitisha ng'ombe.

Nilijibu kupitia kwa Ndinda kwamba nimeshukuru na nimeahidi. Niliahidi mbele ya Mzee, mkono kifuani. Ndinda akanishika mkono tukirudi, mara ya kwanza wiki nzima. Baraza! Na kivuli cha mabati! Nimefurahi kama mtu aliyepewa nyumba.

Jumatatu, 25 Agosti

Silali. Winfred amemwambia Ndinda kwamba mama yao atanunua gemu sita za kuanzia, na Musyoka anamshawishi zote ziwe Pelo. Sita! Zitakuwa ndani ya chumba, na mimi nje barazani na Tazuki zangu, kama mganga aliyekaa mlangoni mwa hospitali. Lazima mama mkwe akumbushwe alichosema mwenyewe kuhusu viganja. Nani atamkumbusha? Mimi siwezi kumsemesha. Ndinda amekataa. Mzee amesema hataki kusikia tena neno betri mpaka afe.

Nimeahidi, na mimi ni mtu wa kutimiza ahadi. Nzuki hatacheza naye. SIMBA WA MASII nimemfuta kabisa, na kwa uchungu.

Lakini Carol hajaahidi lolote.

Jumanne, 26 Agosti

Carol ni fundi cherehani wa Wote. Hajaolewa, anampenda Mungu, na anatumia Tazuki kwa sababu viganja vyake ni laini. Nimemtengenezea picha ya ua la waridi. Saa nane mchana kamili KIEMA akaingia hewani, nami nikampigia honi moja, ya kike.

Tumekimbia mara nne. Ameshinda zote. Katikati nimemwingizia maneno ya uzito na ya kelele, polepole, kama mwanamke kwa mwanamke, nikasema mchumba wangu wa kwanza aliharibikiwa na Pelo. Hakubisha hata moja. Mpango unakwenda sawasawa kabisa, sijui kwa nini sikuuanza mapema.

Saa kumi ameaga, anaenda kukamua. Ameandika kwamba Carol anaendesha pikipiki vilevile kama mkwe wake, na kwamba nimsalimie Ndinda.

Hajashuku chochote. Nimemjibu kwa adabu kwamba salamu Ndinda amezipata.